Tupime nguo kabla ya kujenga kiwanda cha kuzirejeleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea katika ukurasa huu wa maoni kuhusu mabaki ya mitumba. Wachangiaji kadhaa wamependekeza kijengwe kiwanda cha kurejeleza nguo, na wengine wametaja mitambo ya Ulaya kuwa mfano wa kuigwa. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika maabara ya kiwanda cha nguo, na kiwanda cha aina hiyo sikipingi hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba kiwanda cha kurejeleza nguo huishi au hufa kwa kadiri kinavyojua nguo kinazoletewa zimefumwa kwa nyuzi gani, na hapa kwetu hakuna anayejua kwa uhakika kilichomo katika lundo linalobaki jioni katika masoko ya Karume au Tandika jijini Dar es Salaam, baada ya wateja kuchagua na kuondoka.

Jambo hili lina uzito kwa sababu nguo hazirejelezwi kwa njia moja. Pamba, kitani na viskosi, ile nyuzi inayotengenezwa kwa rojo la miti, ni selulosi, yaani mwili wa mmea. Sufu na hariri ni protini. Poliesta, naironi na akriliki ni plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli. Pamba inaweza kuchanwachanwa kwa mashine ikarudi kuwa nyuzi fupi, au ikayeyushwa kwa kemikali ikawa rojo la kutengenezea nyuzi mpya. Poliesta huyeyushwa kwa joto, au huvunjwavunjwa kikemia mpaka virudi vile viambato vilivyoiunda. Sasa tia poliesta katika pipa la kuyeyushia pamba: itabaki ikielea na kuziba machujio. Tia pamba katika tanuri la poliesta nayo itaungua na kuacha masizi ndani ya plastiki ambayo hakuna mtu atakayeinunua. Ukiongeza na elasteni, ile nyuzi inayovutika ambayo siku hizi imo karibu katika kila suruali ya jinzi ya kubana, utakuwa na malighafi ambayo mashine za kuchana huilalamikia na mapipa ya kemikali huikataa.

Mtu ataniuliza kwa nini tusisome lebo. Lebo za mitumba wauzaji wanazijua: nyingi zimekatwa na mwenye nguo wa kwanza kwa sababu zilimwasha shingoni, nyingine zimefuliwa hadi maandishi yamepotea, na zilizobaki zimeandikwa Kikorea, Kijerumani au Kichina. Hata ile inayosomeka si ushahidi wa kutegemewa, kwani mwenye kiwanda aliyebadilisha uzi katikati ya msimu si lazima awe alibadilisha na lebo. Tena lebo hueleza kitambaa kikuu, na mara nyingi haisemi lolote kuhusu bitana, uzi wa kushonea au sponji ya mabegani.

Fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo ana njia yake, nami naiheshimu. Huchomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa mshono, akaziwasha kwa kiberiti, akanusa na kutazama. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na moto wake huelekea kujizima. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu ambayo ukiibana kwa vidole haivunjiki. Shida huanza anapoletewa kile kitambaa cha sare za shule ambacho wengi hukiita tetroni, chenye pamba na poliesta pamoja. Kitawaka na punje itabaki, hivyo fundi atajua ni mchanganyiko, lakini hawezi kusema kama poliesta ni asilimia 35 au 65. Kwa mwenye kushona sare hilo halina madhara. Kwa mwenye kiwanda cha kurejeleza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua mzigo uende kwenye pipa gani.

Maabara tunapotaka jibu la uhakika tunatumia tindikali. Kwa pamba na poliesta, utaratibu wa kimataifa ni kukausha na kupima sampuli, kuitumbukiza katika tindikali ya salfuriki ya asilimia 75 kwa muda wa saa moja katika nyuzi joto 50 za Selsiasi, kusuuza, kukausha tena na kupima kilichobaki. Pamba imeyeyuka na kuondoka, poliesta imebaki kwenye chujio, na mizani inakupa uwiano. Ni njia nzuri na sitaki kusikia ikidharauliwa. Hata hivyo inakula nguo unayoipima, inataka mtu mwenye glovu na miwani, na ukijumlisha kukausha na kupoza inakuchukua sehemu kubwa ya siku. Huwezi kuipeleka mbele ya lundo la tani moja.

Hapo ndipo kipimo cha infraredi kinapoingia. Kitambaa kikimulikwa kwa mwanga ulio nje kidogo ya rangi nyekundu, ambao jicho haliuoni, sehemu ya mwanga huo humezwa na sehemu hurudi. Kinachomezwa hutegemea bondi zinazoshikilia atomi ndani ya nyuzi, kwa sababu kila bondi hutikisika kwa kasi yake na hupokea mwanga unaolingana na mtikisiko huo tu. Selulosi imejaa bondi za oksijeni na hidrojeni, kwa hiyo pamba humeza mwanga kwenye mawimbi yenye urefu wa karibu nanomita 1,490 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na tena karibu na 2,100. Poliesta ina pete za kaboni ambazo huonekana waziwazi karibu na nanomita 1,660. Sufu na naironi zina bondi za naitrojeni na hidrojeni zinazojitokeza karibu na 2,050. Kifaa huchora mstari wenye vilima na mabonde, kisha programu huulinganisha na michoro ya nguo zilizokwisha kuthibitishwa, ikatambua kama mzazi anavyomtambua mwanawe kwa kikohozi gizani. Kazi hiyo huisha katika sekunde moja au chini yake, bila kukata uzi wala kumwaga tone la kemikali.

Teknolojia hii haikuanzia kwenye nguo. Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuonyesha, katika miaka ya 1960, kwamba infraredi ya karibu, yaani ile iliyo jirani na mwanga tunaouona, inaweza kupima unyevu na protini katika nafaka. Nasi Afrika Mashariki si wageni kwayo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha misitu, ICRAF, kilichoko Nairobi, kina maabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisoma sampuli za udongo kutoka nchi nyingi za Afrika kwa mwanga wa infraredi, ikikadiria kaboni na madini bila kupitisha kila sampuli kwenye kemikali. Wataalamu wanaojua kujenga maktaba ya michoro na kuisahihisha wapo mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Arusha. Nalitaja hili kwa sababu kila kifaa chenye skrini kinapotajwa katika vikao vyetu, mtu huinuka na kusema tutafute mtaalamu wa kutoka nje.

Ni kweli kwamba Ulaya imetangulia katika nguo. Huko Malmö, Uswidi, mtambo uitwao SIPTex ulianza kazi mwaka 2020, ukiwa umebuniwa kuchambua hadi tani 24,000 kwa mwaka. Nguo hupita kwenye mkanda, taa na vihisi huzisoma, na hewa iliyobanwa huzipuliza kwenye njia zake kulingana na nyuzi na rangi. Wanaotaka tuige wasome na sura ya pili ya habari za nchi hiyohiyo. Kampuni ya Renewcell ilifungua mwaka 2022 kiwanda kikubwa mjini Sundsvall cha kugeuza nguo za pamba kuwa rojo la selulosi, na Februari 2024 ikaomba kufilisiwa, kwa sababu oda za kununua rojo hilo hazikufikia zilizotarajiwa, ingawa baadaye ilipata mnunuzi. Utambuzi wa nyuzi ulikuwapo, kemia ilikuwapo, lakini soko la bidhaa halikuja kwa kasi iliyohitajika. Kwa hiyo ninaposema tupime, sisemi kwamba kipimo kitatuletea faida peke yake. Nasema kitatuonyesha, kwa gharama ndogo, kama tunacho cha kumuuzia mtu.

Kipimo chenyewe kina upofu wake, na muuzaji wa vifaa hatautaja mpaka umuulize. Nguo nyeusi ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Rangi nyingi nyeusi za kawaida hupitisha infraredi bila taabu, lakini nyuzi iliyotiwa masizi ya kaboni tangu ilipotengenezwa humeza karibu mwanga wote, na kifaa hubaki hakina cha kusoma. Kwa hiyo mnunuzi aombe kukijaribu kwa nguo nyeusi za aina mbalimbali kabla hajalipa, wala asikubali kuonyeshwa fulana nyeupe tu. Halafu kifaa husoma uso. Ukiweka koti la mvua lenye utando wa plastiki, utajibiwa utando. Ukiweka jaketi lenye bitana ya poliesta na ganda la pamba, jibu litategemea umegusa upande gani. Elasteni ikiwa asilimia mbili au tatu, iliyofungwa ndani ya uzi wa pamba, mara nyingi hupita bila kuonekana, na hiyo ndiyo kiasi kilichomo katika jinzi nyingi. Viskosi na pamba ni ndugu wa karibu sana kikemia, kwa hiyo kifaa dhaifu huwachanganya. Vifaa vingi vya mkononi husoma kati ya nanomita 900 na 1,700 tu, na kwa hivyo havizioni kabisa zile alama za karibu na 2,050 na 2,100 nilizozitaja juu. Vinatosha kutenga pamba tupu na poliesta tupu, na hiyo si kazi ndogo, lakini anayevinunua ajue mpaka wake.

Tatizo ambalo kwa maoni yangu halijapewa nafasi yake katika mjadala huu ni unyevu. Maji nayo humeza infraredi, tena kwa nguvu, karibu na nanomita 1,450 na 1,940, na alama ya kwanza inakaa jirani kabisa na ile ya selulosi. Katika hewa ya kawaida ya maabara, yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji kiasi cha asilimia saba au nane ya uzito wake, ilhali poliesta haifikii hata nusu asilimia. Sasa chukua shati lililokaa chini ya turubai Ilala wakati wa masika, likapigwa na mvua ya asubuhi na vumbi la mchana, ulisome kwa programu iliyofundishwa kwa nguo kavu za ghala la Ulaya. Vilima vya maji vitafunika vilima vya nyuzi, na uwiano utakaosomwa utapotoka. Tena sidhani kuna maktaba ya michoro ya Ulaya yenye kanga, vitenge na vikoi vya kutosha, wala tetroni zetu zilizopaushwa na jua na sabuni ya mche kwa miaka mitatu.

Ndiyo maana napendekeza kazi ianze na maktaba yetu wenyewe. Shirika la Viwango, TBS, lina maabara ya nguo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa nguo, na wanafunzi wake kila mwaka hutafuta mada za miradi ya mwisho. Wafanyabiashara wa mitumba wana mabaki, ambayo leo wanamlipa mtu mwenye mkokoteni ayaondoe. Zikusanywe sampuli kutoka kwenye mabaki hayo, kila moja ikatwe vipande viwili: kipande kimoja kisomwe kwa infraredi kikiwa kikavu, kisha kikiwa na unyevu wa kawaida wa pwani, kisha kikiwa kimelowa, kipande cha pili kipelekwe kwenye tindikali ili tujue ukweli wake. Michoro yote iwekwe wazi, ili kikundi cha vijana wa Mwanza au Tanga wanaochana nguo kwa ajili ya magodoro nao waitumie bila kumlipa mtu ada ya kila mwezi. Hili la ada nalisisitiza kwa sababu baadhi ya vifaa huuzwa kwa bei inayovumilika, kisha programu yake ikakodishwa, na siku usipolipa unabaki na tochi.

Gharama haziko mbali na uwezo wetu. Kifaa cha mkononi huuzwa kwa maelfu ya dola, si kwa mamilioni kama mtambo wa mkanda na hewa iliyobanwa. Tena hapa kwetu, ambako mikono ipo na umeme hukatika, sioni sababu ya kuanza na mkanda. Watu wanaochambua mitumba tayari wana ujuzi ambao hakuna kihisi kinachoukaribia. Mfungue mmoja wao robota mbele yako, naye kwa kupapasa na kutazama kola atatenga gredi ya kwanza, ya pili na zile za kupigia deki kabla wewe hujamaliza kuhesabu vipande. Kuamua nguo hii bado inavalika ni kazi ya mtu. Kuamua hii isiyovalika tena ina poliesta kiasi gani ndiyo kazi ya kifaa, na mpaka huo ukiheshimiwa hakuna atakayenyang'anywa riziki. Kuna na kazi ya kung'oa zipu, vifungo na vijipande vya bati vya jinzi, ambayo popote duniani bado hula muda na fedha nyingi, na ambayo wanaotupigia hesabu za kiwanda husahau kuiweka kwenye bajeti.

Niruhusu, Mhariri, nitoke kidogo pembeni. Kifaa hichohicho kinaweza kumsaidia mwanamke anayenunua doti ya kanga kwa bei ya pamba, akafika nyumbani akagundua haipitishi hewa wala hainywi maji. Mkaguzi wa viwango akipita madukani na kifaa mkononi, swali hilo litajibiwa palepale kaunta, mbele ya muuzaji na mnunuzi, bila kuchana kipande wala kusubiri majibu ya maabara. Kama serikali inatafuta sababu ya pili ya kununua vifaa hivi, sababu ni hiyo.

Narudi kwenye mabaki. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika peke yake, bila kuzichanganya na takataka nyingine. Nguo nyingi zaidi zitakusanywa, na zile nzuri zitazidi kuchaguliwa hukohuko na kuuzwa hukohuko kwa simu. Hofu yangu ni kwamba kitakachosafirishwa kuja huku kitapungua ubora bila kupungua uzito. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na tukaona jinsi azimio lile lilivyofifia, isipokuwa Rwanda ambayo ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Sitaki kurudisha mjadala ule. Ila nchi yenye takwimu za nyuzi zilizomo katika marobota inayoyapokea huzungumza kwa sauti tofauti na nchi inayolalamika tu kwamba nguo ni mbovu. Kenya ilitunga mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka ambayo inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike hata bidhaa hiyo inapogeuka taka. Kumtoza mwingizaji kwa haki, hata hivyo, kunahitaji kujua ameingiza nini, kwa sababu kilo ya pamba inayooza na kilo ya poliesta ambayo itakaa ardhini kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi vizazi kadhaa hazistahili tozo moja.

Kwa hiyo naomba wahusika, kabla hawajamwita mshauri wa kuandika upembuzi wa kiwanda, wanunue vifaa vichache vya mkononi na kuviweka katika masoko mawili, Karume na Tandika. Mabaki ya jioni yapimwe kwa mwezi mmoja wa masika na mwezi mmoja wa kiangazi, na wapimaji wawe wachambuzi wa hapohapo sokoni waliofundishwa na kulipwa posho. Matokeo yaandikwe kwa kilo: pamba tupu kiasi gani, poliesta tupu kiasi gani, mchanganyiko kiasi gani, na zilizoshindikana kusomeka kiasi gani, kwa sababu hilo fungu la mwisho nalo ni jibu. Kisha yachapishwe katika gazeti hili, ili mwekezaji na mwenye mkokoteni wasome takwimu moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu wa maabara ya nguo, Morogoro